Umeme umesafika, jiko bado: neti ziro ukiitazama kutokea Mwanza

Juzi kwenye hiace ya Buhongwa jamaa mmoja kapakata mtungi wa gesi wa kilo 6, katoka kubadilisha, analalamika balaa. "Gesi yetu wenyewe hiyo, inatoka Mtwara, bomba lipo, afu tunauziwa elfu ishirini na kitu!" Gari zima likamuunga mkono. Konda akachomekea na bwawa la Nyerere, kwamba umeme sa hivi upo mpaka unabaki, sasa kwa nini Luku haishuki. Mzee mmoja siti ya mbele akageuka akasema nyie mnahangaika bure, haya mambo ya kuacha mkaa ni ya wazungu na tabianchi yao, wanataka sisi tuache kupika wao waendelee na viwanda. Mi nikashuka zangu Mkolani kabla sijatia neno.

Kila mmoja pale alikuwa na kaukweli kake, ila walikuwa wanachanganya madesa. Gesi ya mtungi ni habari nyingine, umeme habari nyingine, na mkaa ndo kabisa hauko kwenye hizo mbili. Na hii neti ziro, yani hewa ukaa tunayoingiza angani ilingane na tunayoiondoa, ambayo kila kiongozi anaitaja akiwa mkutanoni inagusa yote, ndo maana inachanganya watu.

Tuanze na mtungi maana ndo uliozua zogo. Gesi ya mtungi ni propeni na butani, vitu vinavyopatikana kwenye kusafisha mafuta na kuchakata gesi huko nje, inaletwa na meli, inashushwa Dar na Tanga, inapandishwa kwenye malori mpaka huku kanda ya ziwa. Gesi ya kwetu, ile ya Songo Songo iliyogunduliwa 1974 na ya Mnazi Bay ya 1982, ni methane. Hiyo ukiishindilia tu kwenye mtungi wa jikoni haigeuki kuwa maji kama ile ya dukani, inataka bomba au matangi ya mgandamizo mkubwa kama yale ya magari ya gesi Dar. Bomba kubwa la kutoka Mtwara lilikamilika 2015 na linaishia Dar es Salaam, halijawahi kufika Mwanza. Kazi yake kubwa ni kuendesha mitambo ya umeme, Kinyerezi na Ubungo, na viwanda. Kwa hiyo yule jamaa gesi ya Mtwara anaitumia kweli, ila anaitumia akichaji simu. Akichemsha chai anatumia ya meli.

Sasa umeme. Zamani umeme wa nchi hii ulikuwa maji kwa kiasi kikubwa: Kidatu megawati 204, Mtera 80, baadaye Kihansi 180, na vingine vidogo vya Pangani. Mvua ikigoma tu, nchi giza. Wa umri wangu wanaikumbuka 2006 na 2011, ukisikia jenereta za dukani zimeanza kunguruma mtaani unajua leo tena. Mwanza tukajengewa mtambo wa Nyakato, megawati 63, ukazinduliwa 2013, unachoma mafuta mazito. Unajua maana yake hiyo? Meli inaleta mafuta Dar, yanasafirishwa kilomita elfu moja na zaidi, yanachomwa Nyakato ili mtu wa Kirumba awashe friji. Ni umeme ghali na moshi wake si wa mchezo, na mitambo ya aina hiyo kokote ilipo ndo ya kwanza kuzimwa ukipatikana umeme mwingine. Kisha gesi ikachukua nafasi, ikafika mahali zaidi ya nusu ya umeme wa gridi unatoka kwenye gesi. Afu likaja bwawa la Rufiji, ndo hilo la Nyerere alilolitaja konda.

Bwawa la Julius Nyerere ni mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na kufikia Aprili 2025 wa tisa nao tayari. Kwa takwimu za serikali nchi ikawa na uwezo wa zaidi ya megawati 4,000, wakati mahitaji ya juu kabisa yalikuwa yanacheza karibu na 1,900. Yani ndani ya mwaka na kidogo tumetoka kwenye mgao wa 2023 mpaka kuwa na mara mbili ya tunachotumia. Masika ya 2024 ilifika hatua baadhi ya vituo vya maji vikazimwa kwa muda kwa sababu umeme ulizidi. Watu walicheka sana mtandaoni, ila ndo umeme ulivyo, hauwekwi stoo kama mahindi, unaozalishwa sekunde hii lazima utumike sekunde hii hii, ukizidi unaharibu vitu.

Konda sasa aliuliza swali zuri, kwa nini umezidi na bado kuna shida na bei iko pale pale. Bei unayolipa siyo ya kuzalisha tu, kuna nyaya, nguzo, transfoma, mikopo iliyojengea hivyo vyote. Na nyaya ndo penyewe. Rufiji iko mbali na sisi kweli kweli. Umeme ukisafiri umbali huo unapotea njiani kama joto kwenye waya, na dawa yake ni kupandisha msongo, yani volti. Chukulia una magunia elfu moja ya kupeleka Dar, ukipakia kwenye Canter utajaza barabara, ukipakia kwenye semitrela yanakwenda magari machache. Kilovolti 400 ndo semitrela. Ukipandisha msongo mkondo unapungua, na joto linalopotea linapungua zaidi ya hapo, mkondo ukikatwa nusu upotevu unabaki robo. Sasa kutoka Rufiji mpaka Chalinze laini ya 400 ipo, ila ya Chalinze kwenda Dodoma ilikuwa bado inajengwa wakati mitambo inamalizika, na kutoka Shinyanga kuja Mwanza tunakuja kwa 220. Ndo maana Machi 2025 Rais alipokuwa Kilimanjaro akaeleza kwamba mikoa ya kaskazini itachukua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, nchi ikalipuka kwa maneno, tuna bwawa kubwa hivi afu tunanunua nje? Kihesabu haikuwa wendawazimu. Hoja ilikuwa kwamba unaopotea njiani kutoka kusini kwenda kaskazini ni hela nyingi kuliko watu wanavyodhani. Wenzetu wa Kagera wamewashiwa umeme wa Uganda miaka mingi tu na hakuna aliyewahi kuandamana.

Mi wasiwasi wangu ni mwingine: tumerudi kwenye maji. Tulitoka kwenye maji tukaenda kwenye gesi kwa sababu mvua zilitusulubu, sasa kapu limejaa maji tena, safari hii mto mmoja. Rufiji ni mkubwa kuliko Ruaha Mkuu, mto wa Mtera na Kidatu, sawa, ila Ruaha huo huo unamwaga humo humo, na ni ule ule ambao tumesikia miaka yote unakauka kiangazi kwa sababu ya mashamba na mifugo huko juu. Hapa ndo mradi wa jua wa Kishapu, Shinyanga, unanivutia japo ni mdogo, awamu ya kwanza megawati 50 na mpango mzima 150. Ukiweka jua pamoja na bwawa, mchana unatumia jua unafunga maji, usiku unafungulia maji. Kiangazi mvua hakuna ila jua la Shinyanga we mwenyewe unalijua. Na Kishapu ni jirani, siyo Rufiji.

Haya, neti ziro yenyewe ni nini. Usiende mbali, angalia ziwa. Ziwa Victoria linajazwa zaidi na mvua inayonyesha juu yake lenyewe, na mito kama Kagera, Simiyu na Mara. Linatoka kwa kuvukizwa na jua na kwa mlango mmoja tu, Jinja, kwenda Nile. Yakiingia mengi kuliko yanayotoka ziwa linapanda, kama 2020, tuliona fukwe na vibanda vikimezwa. Sasa hewa nayo ni ziwa. Hewa ukaa inaingia kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta, gesi na misitu, inatoka kwa miti, udongo na bahari kuinyonya. Kwa zaidi ya miaka mia na hamsini inaingia nyingi kuliko inayotoka. Neti ziro ni ile hali ambayo kinacholetwa na binadamu kinalingana na kinachoondolewa na binadamu. Haimaanishi hakuna moshi kabisa duniani, na haimaanishi joto linashuka, linaacha tu kupanda, lililokwisha kupanda linabaki palepale.

Uingereza ikaiweka kwenye sheria 2019 kwamba ifike huko 2050, China wakasema 2060, India 2070. Tanzania ahadi yake iliyotolewa 2021 ni ya aina nyingine: kufikia 2030 kupunguza asilimia 30 mpaka 35 ya kile ambacho kingetoka kama tungeendelea hivi hivi bila kufanya kitu. Soma hiyo sentensi mara mbili maana watu wanaipita. Siyo kupunguza kutoka tulipo, ni kupunguza kutoka ambapo tungekuwa. Tunaweza kuongeza moshi kuliko leo na bado tukawa tumetimiza. Na sehemu kubwa ya huo mpango inasubiri hela ya nje.

Kwa hilo mzee wa siti ya mbele yuko sahihi, deni kubwa siyo letu. Mtanzania mmoja kwa wastani anatoa chini ya theluthi moja ya tani ya hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa, Mmarekani ni kama tani 14. Mtu akikwambia tabianchi inaokolewa na mama ntilie wa Igoma kuacha jiko la mkaa, anakutania.

Alipokosea mzee ni kudhani kwamba kama deni siyo letu basi na mkaa siyo tatizo letu. Hapa ndo pana fundo lenyewe ambalo magazeti yanaliruka kila siku: umeme na nishati siyo kitu kimoja. Ukisoma kwamba umeme wa Tanzania sehemu kubwa ni maji na gesi unaweza kudhani nchi imeshamaliza kazi. Umeme ni kipande kidogo. Ukichukua nishati yote tunayotumia, kuni na mkaa na dizeli na petroli na umeme, ukaviweka kwenye mzani mmoja, kuni na mkaa ndo sehemu kubwa, wanaopima wanakwenda asilimia 80 na kitu. Bwawa lenye mitambo tisa halijagusa hapo. Serikali imetangaza vijiji vyote 12,318 vimefikiwa na umeme, hongera, ila nenda kijiji chochote cha Sengerema au Magu saa kumi na mbili jioni uangalie juu ya mapaa, moshi ndo ule ule. Umeme umeingia kuwasha taa, kuchaji simu na redio ya Simba na Yanga.

Na mkaa hesabu yake ni mbaya kuliko watu wanavyoidhania kwa sababu unapiga pande zote mbili za lile ziwa. Kwenye tanuru letu la udongo, la kufukia magogo, inakwenda kilo 6 mpaka 10 za kuni kupata kilo moja ya mkaa, nyingine yote imeondoka na moshi na sehemu ya huo moshi ni methane. Hapo umeongeza kinachoingia. Afu mti ambao ungenyonya haupo tena, umepunguza kinachotoka. Takwimu za serikali zinasema nchi inapoteza hekta kama 469,000 za misitu kwa mwaka, mashamba yakiwa sababu kubwa na mkaa ukifuata. Ukimuuliza muuza mkaa wa mtaani kwetu gunia limetoka wapi anajibu Geita, Biharamulo, siku hizi anasema "mbali huko". Miaka ile alikuwa anasema Sengerema.

Na kuna la mapafu, ambalo halisubiri 2050. Serikali yenyewe imekuwa ikitaja vifo kama 33,000 kwa mwaka vinavyotokana na moshi wa kupikia. Ndo chanzo cha ule mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na marufuku ya kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100. Mtungi wa gesi umo kwenye hiyo nishati safi. Ndiyo, ni mafuta ya nje na unatoa hewa ukaa, anayeshika neti ziro kama msahafu atakwambia ni dhambi. Mi nasema aje avute moshi wa kuni mbichi masika kwenye jiko la makuti afu turudi kwenye mjadala.

Mabadiliko ambayo hayakuitwa mabadiliko yapo pia, nenda ziwani usiku wa giza uangalie. Dagaa wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikitoka watu wanalala nyumbani. Nilipokuwa mdogo zilikuwa karabai, unapiga pampu, inavuma shiii, mafuta ya taa lita kwa lita mpaka alfajiri, na upepo ukiwa mkali kioo kinapasuka. 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili watu waache kuchakachua dizeli, lengo lilikuwa vituo vya mafuta, ila maumivu yakamfikia mvuvi. Leo ukisimama kwenye mawe usiku ukatazama majini taa nyingi ni nyeupe, za betri, zimechajiwa kwa sola au kwenye kibanda cha kuchajia pale mwaloni. Mvuvi mmoja nilimuuliza kama ameacha karabai kwa ajili ya mazingira. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Kaka, mafuta yalikuwa yanakula nusu ya dagaa wangu." Daraja la Kigongo–Busisi ni hivyo hivyo, kilomita 3, limefunguliwa Juni 2025, lori lililokuwa linanguruma kwenye foleni ya kivuko sasa linapita dakika chache, dizeli imepungua na hakuna aliyelitaja kwenye habari za tabianchi. Reli ya SGR ya Isaka mpaka Mwanza ikikamilika nayo ni ya umeme, hapo ndo megawati za Rufiji zitaanza kuondoa malori barabarani. Ikikamilika.

Sasa nirudi jikoni maana pale ndo nilipokwama mwenyewe. Nilimnunulia shangazi yangu wa Igoma jiko la umeme la presha, yale yanayojifunga yenyewe. Nikafika asubuhi, "shikamoo shangazi", "marahaba baba, umeniletea nini tena", tukaloweka maharage kilo moja, mchana tukasoma mita ya Luku kabla na baada. Imekula nusu uniti. Kwa bei ya kawaida, elfu 10 inatoa kama uniti 28, nusu uniti ni shilingi 180 hivi. Maharage hayo hayo kwa mkaa anasema ni wa buku, na anakaa anapepea. Jiko lile likishapata presha linakata umeme lenyewe, linawaka tu kidogo kidogo kurudishia joto, ndo siri yake. Watu wakisikia jiko la umeme wanawaza lile la koili la zamani linalokimbiza mita, hivi ni vitu viwili tofauti.

Nikajiona nimeshinda. Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kitu ambacho mi na makala zangu zote sikuwa nimekiwaza. Yeye yuko kwenye ile tarifu ya matumizi madogo, uniti zisizozidi 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Ukivuka, zinazozidi ni shilingi 350, na ukiendelea kuvuka unahamishiwa bei ya kawaida. "Nikipikia umeme kila siku si watanitoa huko? Halafu kurudi je?" Nikapiga hesabu pale pale kwenye simu. Taa, tivii, friji dogo, tayari yuko sitini na kitu. Akiongeza kupika anavuka. Yani ile bei iliyowekwa kumsaidia mwenye kipato kidogo ndo inayomfunga kwenye mkaa, na nchi ina megawati elfu mbili hazina wa kuzitumia.

Tukakubaliana maharage, makande na nyama ngumu vitapikwa kwenye jiko jipya, vingine ataangalia. Jioni nikiwa naaga nikamkuta amekaa kwenye kigoda nje, sufuria kaibana kwa miguu miwili juu ya jiko la mkaa, mwiko mkono wa kulia, jasho linamtoka.

"Shangazi, si tumeongea?"

"Tumeongea baba. Ila hilo jiko lako refu, linateleza. Ugali nitausongea wapi?"